Buibui wanafuata nini ndani ya nyumba

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama hapa Kilwa. Tumeyaandika tena kwa ajili ya wale waliokuwa shambani ao ziwani siku ile.

 

Munajua kazi yetu. Tunapita nyumba kwa nyumba, tunaangalia choo, tunaangalia maji, tunauliza watoto wamekula nini, tunaandika kwenye karatasi. Juu ya buibui hatukuwa na mpango wowote. Lakini tangu mvua ianze, karibu kila nyumba tunayoingia, mbele ya kutuonyesha choo wanatuonyesha kwanza pembe ya chumba, kule juu: "Muangalie benyewe. Hii tandabube inatushinda." Kwa hiyo komite ilipotuuliza tutakuja kuongea juu ya nini, tulijibu: juu ya kile ambacho watu wenyewe wanatuonyesha.

Kuko watakaosema: barabara ya Lubumbashi imeharibika, dawa zinakosekana, na hawa wanakuja kutufundisha buibui! Muko na haki ya kucheka, na sisi tulicheka. Ila katika kupita nyumba tuliona mambo mawili yaliyotunyamazisha.

La kwanza ni nyumba ambamo walimwaga dawa ya shamba, ile ya kuua vidudu kwenye tomati, juu ya kuta zote na chini ya kitanda cha watoto, ili buibui wafe. Tulipoingia macho yetu yaliwaka. Watoto walikuwa wanalala mle kwa usiku wa tatu.

La pili ni majirani wawili ambao hawasalimiani tena. Mmoja amerudi kutoka Zambia, mwingine alibaki hapa miaka yote. Yule aliyerudi alikuta nyumba yake imejaa utando toka mlangoni mpaka dirishani. Wiki chache baadaye mtoto wake akatokwa na vidonda shingoni. Mtu akamuambia: haya mambo hayakuja yenyewe, kuko mtu aliyeyatuma. Basi, toka siku ile kila buibui anayeonekana katika nyumba ile anahesabiwa kwamba ametoka kwa jirani. Watoto wamekatazwa kucheza pamoja. Kisima ni kimoja, lakini mmoja anakwenda asubuhi, mwingine anangoja jioni.

Ndiyo maana tumekuja. Tunataka tuulize pamoja swali moja tu: huyu buibui anafuata nini?

Anafuata chakula. Hali bukari, hali sombe, hanywi damu ya mtu. Anakula vidudu: inzi, mbu, nondo, mende wadogo, kumbikumbi wale munaowaita inswa, na hata buibui wenzake. Wataalamu wawili wa Ulaya, Martin Nyffeler na Klaus Birkhofer, walipiga hesabu mwaka 2017, wakaona kwamba buibui wote wa dunia wanakula kati ya tani milioni 400 na 800 za wanyama wadogo kila mwaka, na sehemu kubwa kabisa ni vidudu. Hesabu kama ile ni ya kukadiria, hakuna aliyepima kwa mizani. Lakini inatuambia jambo la nyumbani: pale ambapo buibui ananenepa, kuko kitu anachokula. Ukiona buibui kumi katika chumba kimoja, usihesabu buibui. Jiulize ni vidudu mangapi vinapita mle kila usiku, na vinapitia wapi.

Wavuvi, ninyi hili munalijua kuliko sisi. Usiku wa giza, mwezi haupo, munaenda ziwani kutafuta chisense. Munafanya nini? Munawasha taa. Chisense wanakuja kwenye mwanga, munatupa wavu. Nyumba yako saa moja ya usiku ni mtumbwi ule ule. Umewasha taa ndani, mlango uko wazi, dirisha halina kitu, na nje ni giza tupu toka kwenye manyasi mpaka ziwani. Vidudu vya pori lote vinaona mwanga mmoja, wako. Buibui ndiye mvuvi. Ametega wavu wake karibu na taa kwa sababu ana akili ya uvuvi. Zamani kibatari kilikuwa na mwanga kidogo na moshi mwingi, na mafuta yalikuwa ghali, tulikuwa tunazima mapema. Leo taa ya jua inaweza kuwaka mpaka asubuhi, nyeupe, kali. Ni kitu kizuri, mtoto anasoma. Lakini ndiyo imeongeza mbu, nondo na buibui katika nyumba nyingi ambazo tumepita, na watu hawajaunganisha mambo hayo mawili.

Sababu ya pili ni kujificha. Mvua zinapoanza, mwezi wa 10 ao wa 11, mashimo ya chini yanajaa maji, na wote waliokaa mle wanatafuta pakavu. Ni wakati ule pia madume ya buibui wengi wanatembea kutafuta majike, ndiyo maana unamuona mmoja mkubwa anakimbia katikati ya chumba, hana utando, hana mpango na wewe. Mbele ya mvua kuko moto. Pori likichomwa mwishoni mwa kiangazi, kila chenye miguu kinakimbilia mahali ambapo hapaungui, na mahali pale mara nyingi ni uwanja wako uliofagiliwa, na kisha ukuta wako.

Wengine tunawabeba sisi wenyewe. Wanakuja ndani ya kuni, ndani ya manyasi ya kuezekea, ndani ya matofali yaliyokaa nje mwaka mzima. Na wengine wanakuja kwa hewa, kweli kabisa: buibui mdogo aliyetoka tu kwenye yai anapanda juu ya jani, anaachia uzi, upepo unamnyanyua na kumpeleka mbali. Hakuna mlango unaozuia hilo.

Lakini sehemu kubwa ya wale munaowaona juu ya pembe hawakutoka popote. Walizaliwa ndani, mama yao alizaliwa ndani, hawajui nje. Na hapa tunarudi kwenye habari ya nyumba iliyofungwa.

Wengi kati yenu munajua nyumba iliyofungwa ni kitu gani. Kuko waliovuka ziwa mwezi wa 10 wa 2004. Kuko waliokaa miaka katika kambi za Kala na Mwange, wakarudi na HCR kati ya 2007 na 2010. Kuko waliokimbia tena 2017, wakapokelewa Kenani, wakapelekwa Mantapala, na wa kwanza wakaanza kurudishwa upande huu wa Pweto mwezi wa 12 wa 2021. Nyumba zilibaki. Zile ambazo hazikubomoka zilikaa bila ufagio, bila moshi, bila mtu. Buibui mmoja jike anaweza kutaga mayai makumi, wengine mamia, katika kifuko kimoja, na anaweza kufanya vifuko zaidi ya kimoja. Utando ukichakaa na kushika vumbi, wengi wanauacha na kutandaza mpya pembeni. Wa zamani hauanguki, unabaki unaning'inia. Sasa hesabu miaka mitatu, minne, kumi ya utando juu ya utando. Buibui wachache sana wanatosha kufunika nyumba nzima. Hakuna haja ya mtu kuwatuma, muda peke yake unafanya kazi ile. Na nyumba ya yule aliyebaki haikuwa na utando kwa sababu ndogo tu: alikuwemo, alikuwa anapika na anafagia.

Tunaomba hili lisikiwe vizuri, hasa na wale ambao wamekwisha kumtaja jirani kwa jina.

Kuko pia mizigo. Hili tunalisema polepole, maana si la kuchekea. Katika nyumba nyingi za waliorudi tunaona mifuko ya plastiki, magunia na masanduku chini ya kitanda, bado yamefungwa kama yalivyoshuka kwenye gari. Miezi sita, mwaka, miaka miwili. Tukiuliza, mama anajibu: "Tunangoja tuone." Tunaelewa. Mtu aliyekimbia mara mbili hafungui mzigo wote mara moja. Lakini kwa buibui, na kwa mende, na kwa panya, mzigo ambao haujaguswa mwaka mzima ni nyumba nzuri kuliko ile yako. Kama hautaki kuufungua kabisa, uutoe nje kwenye jua siku moja kwa mwezi, uukung'ute, uufunge tena. Uuweke juu ya miti miwili, usikae juu ya udongo, na usiguse ukuta. Tayari yako ya kuondoka haitapotea, na vidudu vitahama.

Sasa, ni nani hawa hasa? Wataalamu wamekwisha kuandika aina zaidi ya 50,000 za buibui katika dunia, tusijaribu kuwataja. Ndani ya nyumba zenu tunaona sana watatu.

Kuko yule mwenye miguu mirefu myembamba, anakaa juu ya pembe katika utando wa ovyo ovyo. Ukimgusa anatikisika. Huyo hana neno na mtu. Kuko yule bapa, amelala juu ya ukuta kama amechorwa, rangi ya udongo, hana utando, na ukileta mkono anapotea mbio mpaka unashtuka. Huyo ndiye anayeogopwa kuliko wote, na anatisha kwa macho tu. Usiku anakula mende na nondo. Kuko na yule mdogo mwenye macho makubwa mbele, anaruka badala ya kutembea, anakutazama. Wa jamaa yake mmoja ana historia nzuri: kule Kenya, kando ya ziwa Victoria, watu wa sayansi akiwemo Robert Jackson walionyesha mwaka 2005 kwamba buibui mrukaji mmoja anachagua kwa makusudi mbu jike ambaye amekwisha kunywa damu, anamuacha yule mwenye tumbo tupu. Baadaye wakaona kwamba anavutwa na harufu ya soksi ambayo mtu ameivaa. Vijana, musicheke, ndivyo walivyoandika! Huyo ni wa kule na wa Uganda, hatusemi kwamba amefika Moero. Na hata kule watu bado wanalala ndani ya mustikere, maana buibui mmoja hawezi kumaliza mbu wa kijiji.

Wa kuangaliwa ni mmoja. Ni mviringo kama kifungo cha shati, rangi ya kahawia, na chini ya tumbo ana alama nyekundu ao ya rangi ya machungwa. Vifuko vyake vya mayai vina vimiba vidogo pande zote, ukiona kimoja hautasahau. Anakaa chini: chini ya kiti, chini ya meza, ndani ya mkono wa bidoni, ndani ya kiatu cha zamani. Hatafuti vita, anauma akibanwa. Mara nyingi ni maumivu ya siku moja ao mbili, lakini mtoto mdogo akiumwa naye, akatokwa jasho, misuli ikakaza, apelekwe kituo cha afya mara moja. Kwa hiyo bidoni iliyokaa wiki nyingi, tazama mbele ya kuishika.

Tunafika kwenye vidonda. Hapa ndipo buibui anabeba makosa ya wengine.

Mtu analala mzima, anaamka na vipele. Anatazama juu, anaona nani? Buibui. Wale waliomuuma kweli wamekwisha kujificha. Buibui ana tabia mbaya moja tu, anabaki pale pale asubuhi.

Vipele vinavyofuatana kwa mstari, vinavyowasha, mara nyingi ni kunguni, na kunguni yuko ndani ya kitanda. Alama iliyowaka kama kuungua na moto, inakuja shingoni ao usoni, na watu wanasema "buibui alimukojolea", ile mara nyingi ni kidudu kingine: chembamba, kirefu kidogo, chekundu na cheusi, kinapenda taa wakati wa mvua. Hakiumi. Kikitua juu ya shingo yako wewe unakipondaponda, na maji ya mwili wake ndiyo yanayounguza ngozi. Kule Kenya, kisha mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998, kilisumbua watu wengi sana. Ukikiona juu ya mwili, kipulize, usikiponde, kisha osha mahali pale na sabuni. Mtoto wa yule papa tuliyemtaja, alama zake zilikuwa vile vile, na kitanda chake kilikuwa chini ya taa. Malengelenge yanayofunga upande mmoja wa kifua kama mkanda, yenye maumivu makali, ni ugonjwa wa ndani ya mwili unaoitwa zona, hakuna mdudu aliyefanya ile, na unahitaji muganga wa kituo.

Na kuko kimputu. Wazee wanalijua jina hili. Vijana waliokulia kambini wengine hawalijui, ndiyo maana tutakaa juu yake kidogo.

Kimputu ana miguu minane kama buibui, na watu wanamchanganya naye, lakini ni wa upande wa kupe. Ni mviringo, bapa, rangi ya udongo, ngozi ngumu kama ya kiatu. Mchana anakaa ndani ya nyufa za sakafu ya udongo na chini ya ukuta. Usiku anatoka, anamuuma yule aliyelala chini, anakunywa damu nusu saa ao pungufu, anarudi kwenye ufa wake. Wengine hawasikii maumivu yoyote. Na huyu anaweza kukaa miaka bila kula, akingoja. Munaelewa maana yake kwa nyumba iliyofungwa. Buibui wa nyumba ile wanaonekana toka mlangoni. Kimputu haonekani, na yeye ndiye mwenye njaa.

Anabeba homa ambayo inakwenda na kurudi. Siku kadhaa mtu anaungua, kichwa kinapasuka, kisha inaacha, familia inashukuru, na kisha wiki hivi inarudi. Ni hapa kwetu Kongo jambo hili lilichunguzwa: mwaka 1905 waganga wawili kutoka Liverpool, Joseph Dutton na John Todd, walionyesha upande wa mashariki kwamba kimputu ndiye anayeipitisha. Dutton mwenyewe alikufa kwa homa ile mwaka ule ule, kule Kasongo. Kile kidudu kidogo cha ndani ya damu kinaitwa mpaka leo kwa jina lake. Homa ile ina dawa, lakini inafanana na malaria mpaka inadanganya watu. Ni hatari sana kwa mama mwenye mimba, inaweza kuharibu mimba. Kwa hiyo kama homa imerudi mara ya pili, na malaria haikuonekana, muambie muganga wazi: tunalala chini, nyumba ni ya udongo, ilikuwa imefungwa. Maneno hayo matatu yatamsaidia kujua damu aiangalie namna gani.

Sasa tufanye nini? Hatuna feza ya kununua vitu, na hatutawaambia munuue.

Tuanze na taa, maana ni rahisi kuliko yote na inaleta matokeo kwa usiku ule ule. Saa ya giza funga mlango kwanza, kisha uwashe. Taa isikae karibu na mlango wala dirisha. Kama taa ni mbili, ile kali itundikwe nje, mbali na nyumba, hatua kumi hivi, ivute vidudu kule. Ya ndani iwe ndogo. Mukimaliza kula na watoto wakimaliza kusoma, zima. Tumeona familia moja iliyofanya hilo tu, hawakufanya lingine, na kisha wiki mbili mama akatuambia mbu wamepungua. Buibui nao wataondoka ao watakufa na njaa, mvuvi hakai pale ambapo samaki hapiti.

Kisha nafasi za juu, kati ya ukuta na paa. Kwenye nyumba za manyasi nafasi ile ni pana mpaka mkono unapita. Ndipo buibui anapopita, na ndipo mbu wa malaria wanapenda kupita zaidi. Zibeni na udongo uliochanganywa na manyasi yaliyokatwa, ao na kipande cha bashi ya HCR iliyochakaa. Lakini kama munapika ndani, moshi utoke wapi? Hamisheni jiko nje kwanza. Kufunga nyumba pande zote na makala yanawaka ndani ni kifo, hilo musilifanye hata kwa usiku mmoja wa baridi.

Nyufa za chini ni kazi ya wamama na watoto, tunajua, ingawa hatuoni kwa nini wapapa hawana mikono. Udongo wa kichuguu, umeloweshwa vizuri, umesuguliwa juu ya sakafu yote na chini ya kuta kwa urefu wa mkono mmoja. Ukikauka na kupasuka, rudia. Udongo wa kichuguu unashika kuliko wa kawaida. Na kitanda, hata cha miti minne na kamba, kiko bora kuliko mkeka, juu ya kimputu anatembea chini. Mustikere ichomekwe chini ya mkeka ao godoro pande zote. Tunajua kwamba mustikere nyingine ziko ziwani saa hii, zinavua chisense wadogo. Hatutataja jina la mtu. Zile ambazo bado ziko nyumbani, zibaki nyumbani.

Ufagio: mti mrefu, fungu la manyasi juu, mara moja kwa wiki, pembe zote. Angalia vifuko vya mayai, ni kama vidonge vya pamba; toa hivyo kwanza, maana utando bila mayai si kitu. Kuni zikae nje, mbali na ukuta. Manyasi yakatwe kuzunguka nyumba hatua mbili ao tatu. Nguo na viatu vikung'utwe mbele ya kuvaa, watoto wafundishwe.

Kuhusu dawa. Dawa ya shamba isiingie ndani ya nyumba, hata kidogo, hata kama muuzaji pale sokoni anasema ni ile ile. Ilitengenezwa kwa majani yenye upepo na jua. Ndani ya chumba kilichofungwa inabaki juu ya ukuta, juu ya mkeka, juu ya vidole vya mtoto anayetambaa. Na hata kwa kazi ile munayoitaka haifai sana: buibui anatembea juu ya ncha za miguu, anagusa ukuta kidogo sana, wengi wanapona. Munaua vidudu dhaifu, munamsumbua mtoto, buibui anabaki juu ya pembe. Kumwaga mafuta ya taa ao ya gari ndani ya nyufa ni mbaya zaidi, nyumba ya manyasi haihitaji mtu wa kuisaidia kuungua. Kama mtu amekwisha kumwaga dawa, atoe vitanda na mikeka nje, afue nguo zote, afungue milango, na watoto wasilale mle mpaka ukuta umepakwa udongo mpya. Mtoto akianza kutoa mate mengi, kutapika, macho kufinyika ao kupumua kwa shida, musingoje asubuhi, na mubebe kibuyu cha dawa ile mukionyeshe kwa muganga.

Kisha mkutano watu waliuliza maswali mengi. Tutaandika matatu.

Mama mmoja aliuliza: "Kama buibui anakula mbu, juu ya nini nimufukuze?" Mama yule ana haki. Sisi katika nyumba yetu tunamuacha yule bapa wa ukutani na yule mrukaji, tunafagia utando tu. Anayeogopa kulala naye amfunike na kikombe, apitishe karatasi chini, ampeleke nje.

Mzee mmoja aliuliza kama buibui mkubwa mwenye manyoya, anayekimbia kwenye taa usiku na meno makubwa mbele, ana sumu. Tukamuuliza alikuwa na miguu mingapi. Akasema kumi. Yule si buibui kabisa, ile miwili ya mbele ni kama mikono yake ya kupapasa. Hana sumu, ingawa meno yake yanabana kweli.

Na papa mmoja, tunamshukuru kwa ujasiri, aliuliza mbele ya watu wote: "Na kama mimi ninajua kwamba kuko mulozi aliyetuma?" Tulimjibu kwamba sisi si wafumu, hatuwezi kubishana naye juu ya mambo ya usiku. Tulimuomba kitu kimoja. Afanye kwanza ya taa, ya nyufa na ya mizigo, kwa mwezi mmoja, na kwa mwezi ule asitaje jina la mtu yeyote. Akakubali kwa wiki tatu. Tumepokea tatu.

Siku ya posho, asubuhi saa moja, tutakuwa kwa koko yule anayekaa peke yake nyuma ya soko, nyumba yake ina nyufa nyingi na mikono yake haiwezi tena. Tunahitaji vijana sita wa kuchimba udongo wa kichuguu na kubeba maji, na mtu mwenye ngazi. Komite ya ushirika imesema wale waliobaki na wale waliorudi watatoa vijana watatu watatu. Ndoo mulete zenu.